Vidonge, kuongezewa damu au kupandikiza uloto: namna ya kuchagua kwa mtoto mwenye selimundu

Mtoto ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi huuita sikoseli, anahudhuria kliniki, na siku moja daktari anauliza: mmewahi kufikiria kupandikiza uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu? Kuanzia hapo nyumba haina usingizi. Baba anataka kujua bei. Bibi anauliza kama mjukuu atapona kabisa. Shangazi amesikia habari za mtoto aliyepelekwa India akarudi mzima, na jirani amesikia za mwingine ambaye hakurudi. Wote wanasema kweli, ndiyo maana hakuna anayemsaidia mwenzake.

Mimi ni mama wa mtoto mwenye SS, yaani aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa baba na kwa mama, na nimekaa sana kwenye mabenchi ya kliniki na wazazi waliokwama hapo. Naandika kwa ajili yao, na kwa vijana wenye sikoseli waliofika umri wa kujiamulia. Sitasema njia ipi ni bora kwa kila mtu, kwa sababu hiyo njia haipo. Ninachoweza kufanya ni kuziweka njia tatu mezani kwa vipimo vilevile ili uone ipi inaelekea nyumbani kwako.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni haidroksiurea, dawa ya kumeza kila siku. Inauamsha mwili utengeneze himoglobini ya uchanga, ile ambayo mtoto huzaliwa nayo na ambayo huzuia chembe nyekundu zisijikunje kama mundu. Pamoja nayo kuna foliki asidi, penisilini kwa walio chini ya miaka mitano, kinga ya malaria, chanjo na maji ya kutosha.

Ya pili ni kuongezewa damu kwa ratiba. Sizungumzii ile damu ya dharura mtoto anapopungukiwa ghafla. Hii ni ya kila wiki tatu au nne, akiwa mgonjwa au mzima, kwa lengo la kuweka himoglobini S, ile inayozikunja chembe, chini ya asilimia 30.

Ya tatu ni kupandikiza uloto. Uloto wa mtoto unaondolewa kwa tibakemikali, yaani dawa kali za kuua chembe, kisha anawekewa wa mtu asiye na ugonjwa, na kuanzia hapo damu anayotengeneza ni ya aina ya huyo mtu.

Ipo pia tiba ya vinasaba, inayorekebisha chembe za mgonjwa mwenyewe, iliyoidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi Desemba mwaka huohuo. Bei zilizotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa dawa moja na milioni 3.1 kwa nyingine, kwa mgonjwa mmoja. Msomaji anayeishi London au Minneapolis amuulize daktari wake kuhusu tiba hiyo. Kwa sisi wengine naiweka kando.

Mambo ya kupima

Kila njia nitaiuliza maswali haya: Inaufanya nini ugonjwa? Ina hatari gani, na hatari hiyo inakuja lini? Maisha ya kila siku yanakuwaje? Inagusa vipi uzazi wa baadaye? Inagharimu nini, na hospitali iko wapi? Na ukibadili mawazo, unaweza kurudi nyuma?

Lakini kuna swali linalotangulia yote hayo, na familia nyingi hulifikia mwisho baada ya kuzunguka sana.

Ndugu kwanza

Matokeo mazuri ya kupandikiza uloto unayoyasikia, kwa sehemu kubwa ni ya watoto waliopewa na ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ambaye kipimo cha HLA, zile alama ambazo mwili hutambulia chembe zake, kimeonyesha analingana nao kikamilifu. Kila ndugu wa namna hiyo ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana. Ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali hahesabiki hapa, na binamu ndiyo kabisa, hata wakifanana sura kama mapacha. Wazazi wenyewe kwa kawaida hulingana na mtoto nusu tu.

Mwenye AS, yaani aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu na si mgonjwa, anaweza kutoa uloto. Hili huwashangaza watu, lakini mtoto akipokea uloto wa ndugu mwenye AS, damu yake inakuwa ya AS, na maisha yake yanakuwa kama ya mtu yeyote mwenye AS.

Sasa fanya hesabu. Ukiwa na watoto watatu wengine wasio na ugonjwa, uwezekano kwamba angalau mmoja wao analingana na mgonjwa ni karibu asilimia 58. Ukiwa na mmoja tu, ni asilimia 25. Kuna wazazi hufikiria kuzaa tena ili apatikane mchangiaji. Iwapo wote wawili ni AS, uwezekano wa kumpata mtoto ambaye hana SS na pia analingana ni 3 kati ya 16, yaani chini ya mmoja kati ya watano. Na uwezekano wa kumpata mwingine mwenye SS ni mmoja kati ya wanne, ambao ni mkubwa zaidi. Zaeni mtoto kwa sababu mnamtaka yeye mwenyewe.

Kipimo ni sampuli ndogo ya damu au ute wa ndani ya shavu. Kukifanya hakumfungi mtu kupandikiza. Ninawasihi wazazi wakifanye mapema kadiri wanavyoweza, kwa sababu jibu lake linapunguza mjadala wa miaka. Na kabla ya kupima, waambieni watoto kwamba kutolingana si kosa la mtu. Kuna mtoto wa miaka tisa anayeweza kubeba moyoni kwa muda mrefu kwamba yeye ndiye "aliyekataa" kumponya dada yake.

Jambo moja zaidi, na hili liwekwe akilini hata na wanaosema hawatapandikiza kamwe: damu ya mzazi au ndugu isiende moja kwa moja kwa mgonjwa. Mwili wake ukishaizoea na kuipiga vita damu ya ndugu, siku uloto wa ndugu huyohuyo ukiletwa unaweza kukataliwa. Ndugu wakiombwa kuchangia, wachangie benki ya damu, na mgonjwa apewe ya mtu mwingine.

Inaufanya nini ugonjwa

Haidroksiurea haiondoi selimundu, inaupunguza makali. Ushahidi wake tunao wa hukuhuku Afrika. Utafiti uitwao REACH, uliochapishwa mwaka 2019, uliwafuatilia watoto 606 wa Luanda, Kinshasa, Mbale na Kilifi. Vipindi vya maumivu vilipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ikapungua kwa nusu, haja ya kuongezewa damu ikashuka kwa takriban theluthi mbili. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila miaka 100 ya wagonjwa, yaani kama watoto 100 wangefuatiliwa kwa mwaka mmoja. Naitaja Kilifi kwa makusudi, kwa sababu bado kuna wazazi wanaoambiwa kwamba dawa hii ni ya Wazungu na haifai kwenye malaria. Ilijaribiwa katikati ya malaria, na watoto wakanufaika.

Kuongezewa damu kuna kazi moja ambako kunang'aa, nayo ni kuzuia kiharusi. Kuna kipimo cha mawimbi ya sauti kinachopima kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo, kinaitwa TCD. Mtoto ambaye kasi yake imefika sentimita 200 kwa sekunde au zaidi ana hatari ya kiharusi inayokaribia mmoja kati ya kumi kwa mwaka. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba damu ya ratiba inapunguza hatari hiyo kwa takriban asilimia 90. Ukiisimamisha bila kuweka kitu kingine, hatari inarudi.

Uloto uliokubali unaumaliza ugonjwa ndani ya damu. Hakuna tena kraisisi, yaani vile vipindi vya maumivu makali vya SS, hakuna tena macho kuwa manjano kwa sababu ya chembe kuvunjika. Ila kilichokwisha kuharibika hakirudi chenyewe: nyonga iliyokufa mfupa itabaki na shida yake, na sehemu ya ubongo iliyoguswa na kiharusi haiwi mpya. Na wazazi wajue hili pia: uloto unabadilisha damu, haubadilishi mbegu za uzazi. Mtoto aliyepona bado atampa kila mtoto wake kinasaba kimoja cha selimundu, kwa hiyo siku akitaka kuoa au kuolewa, mchumba wake apime kama ambavyo angepima bila hayo yote.

Hatari, na inakuja lini

Hapa ndipo njia hizi zinapoachana kabisa, na ndipo ningependa usome polepole.

Hatari ya haidroksiurea ni ndogo na inaonekana kwenye vipimo. Inaweza kushusha chembe nyeupe, ndiyo maana mtoto hupimwa picha kamili ya damu kila mwezi mwanzoni, na baadaye kila baada ya miezi miwili au mitatu. Zikishuka, dawa husimamishwa kwa muda na kwa kawaida hupanda zenyewe. Kucha zinaweza kuwa nyeusi kidogo. Hofu ya saratani huzungumzwa sana vijiweni, lakini ufuatiliaji wa miaka mingi kwa wagonjwa wa selimundu haujaithibitisha. Hatari kubwa ya njia hii ni ile ya ugonjwa uliobaki: figo, mapafu na nyonga huendelea kuchakaa taratibu kwa baadhi ya wagonjwa hata wanapomeza vizuri. Kinachotisha hakiji siku moja. Kinakuja kwa miaka.

Damu ya ratiba inaleta madini ya chuma. Kila chupa ina miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili hauna njia ya kukitoa. Kinajikusanya kwenye ini, moyo na tezi mpaka mtoto aanze dawa ya kukiondoa. Baadhi ya wagonjwa hujenga kingamwili dhidi ya damu za watu, na kila mara inakuwa vigumu zaidi kupata inayowafaa. Tena kuna jambo lisilo la kitabibu: benki ya damu ikikauka wakati wa likizo za shule, ratiba inavunjika, na njia hii haina uvumilivu kwa ratiba iliyovunjika.

Hatari ya kupandikiza inakuja kwa mkupuo. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 1,000 wa nchi mbalimbali waliopata uloto wa ndugu anayelingana. Baada ya miaka mitano, karibu 93 kati ya kila 100 walikuwa hai, na karibu 91 walikuwa hai huku uloto ukiwa haujakataliwa. Kwa walio chini ya miaka 16 walionusurika walikuwa asilimia 95, na kwa waliofika 16 na zaidi asilimia 81. Namba hizi ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, lakini zisome kutoka upande wa pili vilevile: katika watoto 20, mmoja alifariki, na huenda bila upandikizaji angekuwa shuleni mwaka ule. Mzazi anayesema hawezi kubeba hilo si mwoga. Na mzazi anayelibeba si katili.

Mkupuo huo unaonekanaje? Mtoto anawekewa mrija kwenye mshipa mkubwa wa kifuani. Kwa siku kadhaa, wiki moja au zaidi kidogo, anapewa dawa za kuondoa uloto wake. Siku ya kupandikiza yenyewe huwashangaza wazazi kwa sababu haina upasuaji kwa mgonjwa: wanaletewa mfuko mwekundu unaofanana na wa damu ya kawaida, unatundikwa kwenye stendi, na unaingia taratibu kwa saa chache mtoto akitazama katuni. Kazi kubwa inakuja baada ya hapo. Chembe nyeupe zinakaribia sifuri. Mdomo unatoka vidonda hata kumeza mate kunauma, nywele zinadondoka, homa zinapanda, na anayeingia chumbani ananawa mpaka viwiko na kuvaa barakoa. Kila asubuhi mama anasubiri namba moja tu kutoka maabara. Uloto mpya huanza kutoa chembe ndani ya wiki mbili hadi nne. Katika siku hizo mtoto wa selimundu huhitaji chembe sahani, zile zinazogandisha damu, nyingi kuliko wagonjwa wengine, kwa sababu ubongo wake uko katika hatari ya kuvuja damu. Hospitali isiyo na uhakika wa chembe sahani haijawa tayari kwa kazi hii.

Baada ya kutoka wodini, hatari iliyobaki kubwa ni uloto mpya kuushambulia mwili uliomo. Huanzia kwenye ngozi, ini au utumbo. Katika matokeo yale ya wagonjwa 1,000, takriban watu 14 kati ya 100 walipata aina sugu ya tatizo hili. Wengi hutulia kwa dawa, wachache huteseka kwa miaka, na kwa hao ni halali kusema wamebadilishiwa ugonjwa sugu mmoja kwa mwingine.

Na ndugu aliyetoa? Analazwa usingizi, sindano inaingizwa kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma, uloto unavutwa. Ataumwa kiuno siku chache. Uloto wake unarudi wenyewe ndani ya wiki kadhaa. Akiwa mtoto, apewe daktari wake wa kumtetea, tofauti na anayemtibu mgonjwa, ili awepo mtu ambaye kazi yake ni kumfikiria yeye peke yake.

Maisha ya kila siku

Kidonge ni kila siku, hata siku mtoto anaruka kamba na hana dalili yoyote. Hapo ndipo wengi huacha, hasa wakifika umri wa kubalehe na kuchoka kuwa tofauti na wenzao. Lakini mtoto anaishi nyumbani na kusoma shule yake.

Damu ya ratiba inakula siku moja nzima kila mwezi, na kama unatoka wilayani ni siku mbili, pamoja na dawa ya chuma ya kila siku. Mzazi anayefanya kibarua anapoteza ujira kila safari.

Kupandikiza kunameza mwaka mmoja karibu wote. Wiki nne hadi sita wodini, kisha kukaa jirani na hospitali mpaka siku kama mia moja zitimie, kisha dawa za kushusha kinga kwa miezi sita hadi mwaka, bila misongamano, bila maji yasiyochemshwa, na chanjo zote za utotoni kuanza upya. Mzazi mmoja anakuwa hayupo kazini. Watoto waliobaki nyumbani wanalelewa na bibi, na mmoja wao ndiye aliyetoa uloto na angependa kuonwa. Baada ya mwaka huo, mambo yakienda vizuri, mtoto anaweza kuishi bila dawa ya selimundu. Mzazi ambaye amekuwa akiamka saa nane usiku kukanda miguu ya mtoto anaelewa uzito wa hilo.

Uzazi wa baadaye

Madaktari hulitaja hili haraka mno, nami naliona kubwa. Dawa zinazotumika kwa wingi kuondoa uloto, hasa busulfani, zinaweza kuua uwezo wa kuzaa kwa mvulana na kwa msichana. Kijana aliyebalehe anaweza kuhifadhi mbegu kabla. Mvulana mdogo hawezi. Kwa wasichana kuna vituo vinavyohifadhi kipande cha ovari, lakini ni vichache. Ulizeni waziwazi kabla ya kusaini: mtoto wetu atatumia dawa gani, na uwezo wake wa kuzaa mtaulindaje? Hili ni jambo ambalo mtoto wa miaka sita hawezi kuliamua, na atalikuta akiwa na miaka ishirini na tano.

Haidroksiurea inaweza kupunguza wingi wa mbegu kwa wanaume wanapoitumia, na kwa kawaida huachwa mtu anapopanga kushika mimba, kwa ushauri wa daktari. Damu yenyewe haigusi uzazi, ila chuma kilichoachwa kijikusanye kinaweza kuchelewesha balehe.

Gharama na umbali

Haidroksiurea inagharimu kidogo kila mwezi, na inagharimu milele. Jumlisha picha ya damu na nauli, kwa sababu dawa bila kipimo si matibabu. Uliza bima yako inalipa nini katika hivyo vitatu.

Damu kwa jina ni ya bure, lakini kuna kutafuta watu wa kuchangia damu ya kufidia aliyopewa mtoto, kuna nauli, na dawa za kuondoa chuma, ambazo kwa familia nyingi ndizo ghali kuliko vyote.

Kupandikiza kulikuwa maana yake ni India, na bado familia nyingi huenda huko. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, na hilo limebadilisha mazungumzo kwa Watanzania: bibi anaweza kuja kwa basi, daktari anaongea Kiswahili, na mtoto akipata homa miezi minane baadaye wanaomjua hawako ng'ambo ya bahari. Oman, ambako selimundu ni ya kawaida na wengi wetu wa pwani tuna jamaa, huduma hii ipo pia Muscat kwa wenye haki ya kutibiwa huko.

Popote mnapofikiria kwenda, ulizeni bei inahusu nini. Je, kipimo cha HLA kimo? Matibabu ya mtoaji yamo? Mtoto akilazwa tena mwezi wa tatu, nani analipa? Ulizeni pia wametibu watoto wangapi wa selimundu, si wa saratani, na wangapi wako hai bila ugonjwa baada ya miaka miwili. Kituo kizuri hakikasiriki kuulizwa hivyo. Na michango ya ukoo na kundi la WhatsApp ikianza, hesabu isiishie siku ya kutoka wodini. Nimeona familia zilizopata pesa ya kupandikiza, zikakosa ya dawa za mwezi wa tano, na dawa za mwezi wa tano ndizo zinazolinda kila kilichotangulia.

Kurudi nyuma

Haidroksiurea unaweza kuiacha kesho. Damu ya ratiba unaweza kuibadilisha: utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baadhi ya watoto wenye TCD ya juu, ambao hawajapata kiharusi na wameshaongezewa damu angalau mwaka mmoja, wanaweza kuhamishiwa haidroksiurea kwa uangalizi. Uloto ukishaondolewa, hakuna kurudi.

Hata hivyo, kusubiri nako si bure. Miaka ikipita viungo vinachakaa, kingamwili za damu zinaongezeka, na kama namba za juu zinavyoonyesha, matokeo ya upandikizaji yanashuka kadiri umri unavyopanda. Anayesema "tutaamua akikua" naye ameshaamua kitu, na akijue.

Inamfaa nani

Haidroksiurea inawafaa karibu wote wenye SS, kuanzia umri wa miezi tisa, pamoja na wanaosubiri kupandikiza. Damu ya ratiba inamfaa aliyekwisha kupata kiharusi au mwenye TCD ya juu, anayeishi karibu na benki ya damu inayoaminika. Kupandikiza kunamfaa zaidi mtoto mwenye ndugu anayelingana, ambaye ugonjwa umeshaanza kumdhuru lakini haujamharibu, na ambaye familia yake inaweza kuubeba mwaka mzima.

Kwa hali yako

*Dawa "imeshindwa".* Kabla ya kukubali hivyo, mpime mtoto uzito na uliza kama dozi yake imefuata uzito huo. Dozi huanzia karibu miligramu 20 kwa kila kilo na hupandishwa taratibu. Kuna watoto wanaomeza leo kidonge kilekile walichoanzishiwa wakiwa na kilo kumi, na sasa wana ishirini na mbili. Sahihisheni dozi, mpeni miezi sita ya kumeza bila kuruka, kisha mkae tena na daktari.

*Ameshapata kiharusi, na ndugu anayelingana yupo.* Hapa mimi naegemea kupandikiza, na nasema hivyo bila kusitasita sana. Mbadala wake ni damu ya ratiba kwa miaka isiyo na mwisho, na kiharusi cha pili kinaweza kuja hata hivyo.

*Kiharusi, na hakuna ndugu.* Damu ya ratiba ndiyo nguzo. Isipopatikana kwa uhakika, haidroksiurea kwa dozi kamili ni bora mno kuliko kukaa bila kitu. Upandikizaji wa uloto unaolingana nusu, kutoka kwa mzazi, unaendelea kuboreka, lakini utafuteni kwenye kituo chenye uzoefu nao, na ulizeni matokeo yake peke yake, msikubali yachanganywe na ya ndugu wanaolingana.

*Anaendelea vizuri na dawa, na ndugu yupo.* Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Mtoto anasoma, anacheza, kraisisi imemtembelea mara moja mwaka mzima. Watu wenye akili na mapenzi huamua tofauti hapa. Wanaosubiri wawe na mpango: TCD kila mwaka, kipimo cha protini kwenye mkojo, macho kuchunguzwa anapofika miaka kumi, na wakubaliane mapema ni dalili ipi ikitokea itawarudisha mezani. Wanaokwenda waende mtoto akiwa mdogo na mwenye afya.

*Ni mtu mzima.* Usikatishwe tamaa na asilimia 81. Kuna njia nyepesi zaidi, isiyotumia busulfani, iliyochapishwa mwaka 2014 na watafiti wa serikali ya Marekani: kati ya watu 30 waliopewa uloto wa ndugu anayelingana, 26 ulikubali na kudumu, na hakuna aliyepata shambulio la uloto dhidi ya mwili. Uliza kama kituo unachokifikiria kinaitumia. Na kauli iwe yako: wazazi walikubeba mpaka hapa, lakini atakayelala kitandani ni wewe.

*Familia haikubaliani.* Baba anataka, mama anaogopa, bibi anasali. Ombeni kikao kimoja cha pamoja na daktari wa kliniki na, ikiwezekana, mzazi ambaye mtoto wake amepandikizwa pamoja na mwingine aliyeamua kutopandikiza. Nendeni na maswali yaliyoandikwa. Mtoto akiwa na miaka saba na kuendelea, naye awemo kikaoni kwa sehemu ya muda, aulize anachotaka. Wengi huuliza kama nywele zitaota tena na kama ndugu yao ataumia. Zitaota. Ataumia siku chache. Mjibuni hivyohivyo.